Gurudumu Lililobaki

Komandanti Fábio alikwisha kumhukumu Aiuba kabla ya kumaliza kahawa yake ya asubuhi. Alisimama katika ua wa kituo cha polisi cha Palma, kikombe mkononi, akiizunguka ile rulote iliyopondeka, na kila alipopiga funda moja alipata ushahidi mpya.

"Tazama hapa," alimwambia Inspekta Saquina kwa Kireno, akigusa ukingo wa bati juu ya mahali pa gurudumu. "Umekatwa. Bati bado linang'aa. Fundi gani mwaminifu anakata mali ya watu?"

Saquina aliinama akalitazama bati. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kwa komandanti aliyatumia machache zaidi.

Rulote ni nyumba ya bati yenye magurudumu mawili, inayokokotwa na gari. Hii ilikuwa na kitanda nyuma, jiko mbele, na dirisha la kuuzia chakula ubavuni. Osvaldo na mkewe Benilde walilala humo, walipika humo, na waliuza humo wali na samaki kwa vibarua wa barabara. Alhamisi walikuwa wakiikokota kwa pikapu kutoka Palma kwenda Mocímboa da Praia. Walipoipita Olumbi, gurudumu la kulia lilichomoka. Rulote ikayumba, ikapinduka, ikaivuta na pikapu mtaroni. Osvaldo alitoka na mkono uliovunjika. Benilde hakutoka.

Siku moja kabla ya safari, Aiuba, fundi wa matairi pale karibu na soko, ndiye aliyebadilisha magurudumu yote mawili. Ndiyo maana sasa alikuwa mahabusu.

"Na mdogo wake yuko msituni," komandanti aliongeza, kana kwamba Saquina ndiye mgeni wa mji na si yeye aliyeletwa kutoka kusini mwaka jana.

Hilo Palma nzima ilikuwa inalijua. Mwaka ule waasi wa msituni walipouchoma mji, mdogo wake Aiuba alipotea. Wako waliosema alitekwa, wako waliosema alikwenda kwa miguu yake. Hakurudi kusema mwenyewe, kwa hiyo kila mtu alimsemea.

"Msafara wa magari unaondoka kesho asubuhi kwenda Mocímboa," alisema komandanti. "Faili liende, na yeye aende. Humo nataka nione neno moja tu. Kusudi."

Saquina alilifahamu neno hilo. Likishaandikwa, kesi haitakuwa tena ya nati na magurudumu. Itakuwa kesi ya msitu, na mtu aliyeingizwa katika kesi za msitu hukaa ndani hadi watoto wake wamsahau sura. Nje ya geti, Laila, mke wa Aiuba, alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, bakuli la chakula limefunikwa kitambaa mapajani. Hakulia wala hakumsumbua mtu. Alisubiri tu, na hilo lilimsumbua Saquina kuliko kilio.

"Nipe siku ya leo," alisema.

"Chukua. Jua likizama, nasaini."

Komandanti alipoingia ndani, Saquina alijifunga leso kiunoni juu ya sare, akapiga magoti mchangani. Alianza na lile bati. Magurudumu ya zamani yalikuwa yameletwa kutoka kwa Aiuba yakatupwa pembeni. Aliyaviringisha karibu, akalinganisha. Ya zamani yalikuwa madogo, ya gari la kubebea watu wanne, mbavu za tairi zimepasuka nyufa kama kisigino cha mkulima. Yale mapya yalikuwa mapana na marefu zaidi, matairi ya mzigo, yenye rimu mpya zilizopakwa rangi nyeupe. Tairi pana lisingezunguka chini ya bati lile bila kukwaruza. Aliyekata pale alikuwa ameweka nafasi ili gari likiingia shimoni tairi lisiguse. Alitaka gurudumu lizunguke. Anayetaka lichomoke hahitaji kujisumbua na msumeno.

Kisha aliliinamia lile gurudumu lililochomoka. Matundu ya rimu, ambayo kiwandani yalitobolewa ya mviringo, yalikuwa yamelika yakawa mapana upande mmoja. Maana yake lilicheza kwanza, likacheza tena, nati zikatoka moja baada ya nyingine, ndipo likaondoka.

Lilibaki gurudumu la kushoto. Lilikuwa bado mahali pake, na tangu Alhamisi hakuna aliyejishughulisha nalo, kwa kuwa halikuwa na kosa. Saquina aliishika nati moja kwa vidole viwili, bila spana, akaizungusha.

Ikazunguka.

Aliijaribu ya pili, akaijaribu ya tatu. Zote tano zilizunguka kwa vidole.

Alikaa kitako mchangani akalitazama gurudumu lile kwa muda. Mwenye nia mbaya hulegeza gurudumu moja, likamtosha. Mzembe naye husahau moja. Lakini magurudumu mawili yaliyolegea sawasawa hayakulegezwa na mtu. Hayakukazwa, au yalikazwa yakalegea yenyewe. Sasa ilibaki kujua nani alipaswa kuyakaza, na kwa nini hakufanya hivyo.

*

Aiuba aliletwa chumba cha mahojiano na mikono yake bado ina weusi wa kazi. Alikuwa mtu mzima, mnene wa mabega, na alikaa kwenye ncha ya kiti kama anayeogopa kukichafua.

"Umekula?" Saquina aliuliza.

"Nimeonja, mama inspetora. Chakula cha nyumbani hakipiti kooni mahali hapa."

Waliongea Kiswahili cha kwao, cha pwani. Siku hizi Saquina alikizungumza na watuhumiwa tu. Kituoni wote walikuwa watu wa mbali, na nyumbani kwake hapakuwa na mtu. Watoto wake walikuwa Nampula kwa bibi yao tangu mji uchomwe, na Ijumaa iliyopita kitinda mimba alimjibu salamu ya simu kwa Kireno. Iliuma, wala hakujifanya haikuuma.

"Nati za kulia zilitoka, Aiuba. Ulizikaza?"

"Nilizikaza. Nilipanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, na uzito wangu huu unauona."

"Mbona za kushoto nazo zimelegea?"

Aiuba aliinua uso. "Za kushoto nazo?"

"Zinazunguka kwa vidole."

Alifumba macho, akatikisa kichwa polepole. "Basi hakukaza."

"Nani?"

"Mwenye gari. Mama, rimu mpya ina rangi. Ukikaza, nati inaketi juu ya rangi. Gari ikitembea kidogo, rangi inalika, nati inabaki inaelea. Inabidi usimame njiani ukaze tena. Ukishakaza mara hiyo ya pili, basi, inashika. Kila fundi anajua hivyo."

"Na Osvaldo anajua?"

"Nilimwambia mie mwenyewe! Alipokuwa anaondoka, gari keshaliwasha. Nilimwambia afike Olumbi, asimame, akaze. Hata spana niliwapa, nkaiweka miguuni kwa nke wake."

Saquina aliandika. Faili la serikali huandikwa kwa Kireno, kwa hiyo aliyageuza maneno ya Aiuba kuwa Kireno kadiri yalivyotoka: fundi adai kwamba alimwagiza dereva asimame Olumbi akaze nati.

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi wa nini? Yule mama ndiye aliyetaka magurudumu mapya. Matairi ya zamani yalishawapasukia mara mbili, njia ya Quitunda. Akanambia, 'Fundi, mie nalala ndani ya kitu hiki. Nitilie miguu ya kuaminika.'" Aiuba alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Miguu ya kuaminika. Ndiyo hiyo niliyomtilia."

"Na mdogo wako?"

Alikuwa analingoja swali hilo. "Mdogo wangu sijui aliko, mama. Ningejua, ningemfuata nkamrudisha kwa makofi. Lakini mie nafunga matairi. Nafunga ya wanajeshi, ya mapadre, ya kila ntu. Ningekuwa na nia hiyo ningeanza na yule mpika wali?"

Saquina hakuandika hilo. Lilikuwa jambo la akili, na faili halina mahali pa akili.

*

Osvaldo alikuwa kituo cha afya, kitanda cha mwisho karibu na ukuta, mkono wa kushoto umefungwa plasta hadi kwapani. Alikuwa mtu wa Montepuez, Mmakua, aliyesoma shule ya misheni, na Kireno chake kilikuwa safi kuliko cha komandanti. Kiswahili alichojua kiliishia kwenye salamu. Biashara yote ya dirishani ilikuwa ya Benilde. Yeye alichota maji na kuendesha.

"Amekiri?" aliuliza kabla Saquina hajakaa.

"Pole sana kwa msiba, Osvaldo."

"Nimepewa pole nyingi. Nimeuliza kama amekiri."

"Bado. Niambie mlivyoondoka."

Aliieleza safari kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kuirudia kichwani hadi ikamchosha. Waliamka, wakafunga mitungi ya gesi, wakaiunganisha rulote na pikapu. Aiuba alikuja kuangalia mara ya mwisho. Alipiga tairi kila moja teke, akainamisha kichwa kwa kuridhika, akasogea nyuma. Osvaldo akawasha gari.

"Akakuambia chochote?"

"Alipiga kelele kutoka nyuma. Alisema tukifika Olumbi tusimame nyumbani."

"Nyumba ipi?"

"Ya Nazira, rafiki wa mke wangu. Kila tukipita Olumbi tunasimama pale. Palma nzima inajua."

"Hakukuambia ukaze nati?"

Osvaldo alimgeukia taratibu. "Inspetora, ningeambiwa nikaze nati, ningeshindwa nini kukaza? Mikono nilikuwa nayo yote miwili."

"Na spana?"

"Ilikuwa miguuni kwa Benilde. Nilidhani ni ya tairi la akiba." Aliuweka sawa mkono wa plasta. "Nimewaza sana hapa kitandani. Fundi wa matairi ana haja gani nisimame nyumba gani? Ana haja moja tu. Alitaka tukae pale tunywe chai, ili mwenzake atokee amalizie kazi. Mkamateni na huyo mwenzake."

"Benilde alisemaje?"

"Aliniuliza, fundi kasema nini? Nikamwambia. Akafurahi. Alikuwa anatafuta sababu ya kumwona Nazira." Alitazama ukuta. "Akaniambia, unaona, hata fundi anajua kwamba nimechoka."

Saquina aliandika hilo nalo: dereva adai kwamba fundi alimwagiza asimame nyumbani, Olumbi.

Njia ya mwongo ni fupi, wenyewe husema. Alizitazama karatasi mbili, ya Aiuba na ya Osvaldo, akizitafutia mahali pa kukatika. Hazikukatika. Wote wawili walisema Olumbi, wote wawili walisema kusimama. Baada ya hapo mmoja alisema nati na mwingine alisema nyumba, na kati ya nati na nyumba hakuna daraja. Mmoja wao alidanganya, lakini kila aliyekaa mbele yake alimwona mkweli. Jambo hilo lilimkera.

*

Alikwenda Olumbi peke yake. Dereva wa kituo alikuwa na homa, au aliiogopa barabara. Saquina hakumuuliza ni ipi. Barabara ilikuwa tupu. Pembeni palikuwa na nyumba ambazo moto ulishapita, majani yakaota sebuleni, na mahali fulani mti wa mpapai ulitoa kichwa dirishani. Simu ilipoteza mtandao. Aliendesha bila redio, akahesabu matundu ya lami ili asihesabu mambo mengine.

Alipita Olumbi bila kusimama hadi mahali pa ajali. Aliiacha gari, akarudi kwa miguu kuelekea Olumbi, macho chini, akikagua ukingo wa barabara. Jua lilimchoma shingo. Hakukutana na mtu isipokuwa bibi mmoja na kuni zake, aliyemsalimu kwa kumtazama tu.

Nati tatu aliziona zimetawanyika karibu na alama za mtaro, mpya na nyeupe. Ya nne ilikuwa mbali, nyuma ya kilima kidogo. Ya tano ilikuwa mbali zaidi, karibu na nyumba za kwanza za Olumbi. Alizitia mfukoni zikawa zinagongana kila alipopiga hatua. Zilianguka moja moja, na zote baada ya Olumbi. Kwa hiyo magurudumu yalifika Olumbi yakiwa na nati zake zote, zimelegea tu. Hapo ndipo pa kuyakaza, kama alivyosema Aiuba. Au ndipo pa kuyalegeza, kama alivyosema Osvaldo.

Nyumba ya Nazira ilikuwa ya udongo na mabati, kando ya barabara kabisa, na uwanja uliofagiwa vizuri. Nazira mwenyewe alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti kubwa ambayo msiba uliipunguza nusu. Alimtandikia mkeka, akamletea maji.

"Benilde alikuwa mwanangu," alisema. "Hakunizaa tumbo langu, lakini alikuwa mwanangu. Tumeuza wote pale Afungi, moshi mmoja, sufuria moja."

"Siku ile rulote ilisimama wapi?"

"Hapo hapo mbele, kwenye kivuli. Naiona nikiwa jikoni."

"Kuna mtu aliisogelea wakati wakinywa chai?"

"Nani? Hapa pana watu basi? Mie na kuku wangu. Angetokea mgeni ningemuona kabla hajafika."

"Una hakika?"

"Binti, mie nimeshakimbia mara mbili na nguo moja. Ntu akipita nyumbani kwangu namjua kwa kivuli."

Mwenzake Aiuba, basi, hakuwapo. Saquina alilifuta hilo kichwani, bila furaha. Sasa lilibaki moja: Osvaldo aliambiwa, akapuuza, akazua habari ya nyumba kuficha uzembe wake. Ilikuwa hadithi inayoaminika, na aliichukia.

"Nieleze walivyofika. Tangu mlango wa gari ulipofunguliwa."

"Benilde aliteremka kwanza, akaja mbio jikoni kunikumbatia. Nikatoka kumpokea mumewe. Nikamwambia, karibu baba, leo mmekumbuka kusimama. Yule maskini lugha yetu haijui, anachanganya. Akacheka, akaonyesha nyuma kwa kidole, akanambia, 'Fundi falou, Olumbi, kaza.'"

"Alisema hivyo? Kaza?"

"Alisema hivyo. Nikaona, ala, ameanza kujifunza! Fundi kamwambia akaze. Nikamwambia, 'Haya baba, kaza basi, mie natia chai.'"

"Yeye akafanyaje?"

"Akanishukuru, 'Obrigado, mama.' Akavua viatu, akaingia ndani."

Kuku walikuwa wakiparura mchanga. Saquina aliishika bilauri ya maji asiinywe.

"Akatoka tena lini?"

"Hakutoka mpaka wanaondoka. Nikajua keshakaza, au atakaza. Mambo ya wanaume na magari yao, mie nitamuuliza nini?" Nazira alimtazama usoni. "Kwani vipi, mwanangu? Mbona umebadilika?"

Kireno huandika *casa*, lakini mdomo hausemi hivyo. Mdomo husema kaza. Ni nyumba.

Siku nzima Saquina alikuwa na maneno hayo mawili mkononi. Lugha zote mbili zilikuwa zake, na yeye peke yake kituoni ndiye angeweza kuyasikia. Lakini alipoandika, la Aiuba aliligeuza Kireno, na juu ya karatasi halikufanana tena na la Osvaldo hata kidogo. Yangebaki mdomoni, yangejuana.

"Si kitu, mama," alimjibu Nazira. "Maji yako matamu."

Hakumwambia. Siku ile alikuwa tayari na mtu mmoja wa kumwambia, Osvaldo, na huyo mmoja alimtosha.

*

Jua lilikuwa bado mkono mmoja juu ya paa la kituo alipowakutanisha. Sheria inaruhusu mashahidi wanaopingana kuwekwa uso kwa uso, na komandanti, aliyependa tamthilia, hakukataa, akaja mwenyewe kutazama. Osvaldo aliletwa kutoka kituo cha afya, akakaa upande huu wa meza. Aiuba akakaa upande ule. Osvaldo hakumtazama. Alitazama ukutani juu ya kichwa chake.

"Aiuba," alisema Saquina kwa Kiswahili, "yale maneno uliyompigia kelele mwenye gari. Yaseme tena. Usinifafanulie, usinitafsirie. Yaseme kama ulivyoyasema."

Aiuba aliona haya. "Mama, nilimsemesha kwa Kireno. Nilitaka anielewe vizuri. Kireno changu kibovu, komandanti atanicheka."

"Hatakucheka. Sema."

Fundi aliweka mikono juu ya meza, akainua sauti kama mtu anayeshindana na injini.

"Chega Olumbi, pára, kaza!"

Osvaldo aliruka, plasta ikagonga kiti. "Mmesikia? Mmesikia kwa mdomo wake mwenyewe? Fika Olumbi, simama, nyumbani! Komandanti, si umesikia?"

"Nimesikia," alisema komandanti. "Amesema nyumbani."

Aiuba aliwatazama mmoja mmoja, hakuelewa kilichowafurahisha.

"Osvaldo," Saquina alisema kwa Kireno, na aliona sauti yake imekuwa ndogo. "Fundi huyu hajui Kireno cha kutosha. Alitaka kukuheshimu kwa lugha yako. Akapata neno la kufika, akapata la kusimama. Neno la mwisho hakulipata. Akalisema kwa lugha yake."

"Neno gani?"

"Hilo ulilosikia."

"Nilisikia nyumba."

"Najua ulisikia nyumba. Hukusema uongo. Wala yeye."

Osvaldo alimgeukia Aiuba kwa mara ya kwanza. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini haikujua tena pa kushika. "Kwa lugha yako maana yake nini?" alimuuliza.

Lilikuwa swali la Kireno, na labda Aiuba hakulielewa lote. Alielewa uso. Aliinua mkono wake wa kulia juu ya meza, akafumba ngumi kama anayeshika mpini wa spana, akaizungusha kuelekea kulia. Akaizungusha tena, akauma meno, hadi mkono wote ukagoma.

Kisha akaushusha.

Komandanti alifungua mdomo, Saquina akamwangalia, akaufunga.

"Nilimwambia Benilde," Osvaldo alisema hatimaye. "Aliniuliza, fundi kasema nini. Nilimwambia kwa Kireno. Yeye Kiswahili alikijua. Lau ningemwambia kama nilivyosikia, na gari nikazima, yeye angesikia." Alilirudia neno lile polepole, mara mbili, na hakuna aliyeweza kujua analisema kwa lugha ipi.

Saquina alilisogeza faili mbele ya komandanti. Chini ya ukurasa wa mwisho, mahali pa neno alilolitaka, alikuwa ameandika ajali. Komandanti alisoma, akakuna kidevu, akatafuta kalamu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lakini alisaini.

Nje, Laila alimwona mumewe akitoka bila pingu, akasimama kwa pupa hata bakuli likamponyoka. Wali ukamwagika mchangani, na hapo ndipo alipolia. Alisimama getini akamngoja.

Aiuba hakufika getini. Katikati ya ua aligeuka.

Osvaldo alikuwa amekwenda kwenye rulote. Alipita dirisha lililovunjika, akapita upande wa kulia uliokuwa hauna kitu, akazunguka hadi kwenye gurudumu lililobaki. Ile spana waliyoitoa kwenye pikapu ilikuwa imewekwa hapo chini pamoja na vidhibiti vingine vya kesi. Aliichukua kwa mkono mmoja, akaitia kwenye nati ya kwanza, akaisukuma. Mkono mmoja haukutosha. Spana ikateleza, ikaanguka. Akaiokota, akaitia tena.

Aiuba alisogea. Hakumgusa, wala hakusema neno, la lugha yoyote. Alingoja hadi Osvaldo alipoitia spana sawasawa, ndipo akapandisha mguu wake juu ya mpini, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Osvaldo akaihamishia kwenye nati ya pili.

Saquina aliwaona kutoka dirisha la ofisi. Rulote ile ilikuwa bado kidhibiti, na kazi yake ilikuwa kuwazuia. Aliketi, akasubiri hadi walipozimaliza zote.